Chai Katikati ya Mlima

Jumapili usiku, Tetu

Sijui kama nina haki ya kusema kwamba nilikimbia kilomita zote kumi za mashindano ya leo. Nilisimama mara moja, na aliyenisimamisha ni mama.

Tangu nimonia ya mwaka jana, mama haamini kwamba mapafu yangu yamepona. Julai yote nilifanya mazoezi kwenye ukungu huku akinung'unika. Leo nilitaka kumaliza bila kupumzika, ili sote wawili tutulie.

Katikati ya mlima wa mwisho nilimwona kando ya barabara, amejifunga leso, ameshika chupa ya chai.

"Simama unywe! Hiyo jasho na hii baridi itakuua."

"Mama, niko kwa mashindano!"

"Ati mashindano. Kwani siku hizi chai inakataliwa?"

Mwanamke aliyekuwa akinipita aliangua kicheko. "Mum, na yangu je?"

Nilikasirika, lakini kwetu chai ya mama haikataliwi. Nilipokuwa nikinywa, alinishika mgongoni na kuinamisha sikio, na nikatambua kwamba alikuwa akisikiliza pumzi yangu.

"Haya, kimbia," akasema. "Unapitwa na wazee."

Nilimaliza. Huenda natia maana pasipo na maana. Labda aliniachilia tu kwa sababu kikombe kilikuwa kimeisha. Lakini jioni nilimsikia akiwaambia majirani kwamba ningeshinda kabisa, ila nilipoteza muda njiani nikinywa chai.

Hakutaja ilikuwa chai ya nani.