Gramu Mia za Baba Zaina

Jumatatu, 3 Februari
Nimepima nyama tena. Gramu mia, mbichi, mfupa nimeutoa. Nikaichemsha, nikampa Baba Zaina na ugali kidogo na mchicha. Mwanangu Zaina kaingiza kwenye simu, simu ikahesabu kalori. Sawasawa na karatasi ya kliniki ya sukari.
Mume wangu kaitazama sahani. "Mama Zaina, hii nyama, au ushahidi kwamba nyama ilipita hapa?"
Nimecheka. Moyoni sikucheka. Sukari ilimla kaka yake mguu, kisha ikammaliza mwenyewe. Huyu siiachii sukari. Bora alale na njaa.

Jumatano, 5 Februari
Zamu yangu imekwisha. Kesho anakwenda Kiwangwa, kwenye shamba la mananasi, kwa mke mwenzangu Mwanahamisi. Siku tatu kwake, tatu kwangu.
Leo kanitamkia, mbele ya Zaina: "Kwa mwenzio nashiba."
Miaka ishirini na sita namlisha mimi! Nikamuuliza, huko unapimiwa? Eti anapimiwa, gramu mia hizo hizo. Uongo. Gramu mia ni gramu mia, iwe hapa kwangu Zinga, iwe Kiwangwa. Mwanamke anamjazia sahani ili apendwe. Akianguka, wa kumuuguza ni mimi.
Sikula.

Jumatatu, 10 Februari
Jirani yangu Bi Kuruthumu kanichoma. "Shoga, mumeo kila alasiri yuko kwenye kituo cha daladala anakula mishkaki. Kumbe kwako hakupikwi?"
Nimekwenda. Nimemkuta kwenye benchi, vijiti vinne mkononi, mafuta kidevuni. Mtu ana wajukuu. Sikupiga kelele. Nilisimama tu. Muuza mishkaki akaanza kupepea moto uliokwisha kuwaka.
"Njaa, Mama Zaina," kasema. "Njaa inauma."
Nimerudi nalia kwa hasira. Nyama ya kwangu nimeacha kuinunua, nakula dagaa nisimtamanishe. Na yeye ananiaibisha barabarani.

Jumanne, 11 Februari
Kliniki. Sukari imepanda. Uzito umepanda.
Nikamshtaki kwa muuguzi. Mishkaki yote. Nikamshtaki na Mwanahamisi, ingawa hakuwepo. Muuguzi ni binti tu, rika la Zaina. Kaniuliza, "Mama, nyama unaipimaje?" Nikajibu kwa kujidai: mbichi, kabla haijaona moto.
Kaweka kalamu chini. "Gramu mia zile ni za nyama iliyoiva, mama. Ikiiva inasinyaa. Umekuwa ukimpunja bila kujua. Ndiyo maana njaa inamtoa nje."
Nilitaka nimtukane. Nani wa kunifundisha mimi kwamba nyama inasinyaa? Napika kwenye shughuli za watu tangu sijaolewa. Nyama ikijaza sufuria la pilau asubuhi, adhuhuri najua itafika wapi. Najua! Nikaitazama mizani, sufuria nikalisahau.
Karatasi yenyewe iko Kiwangwa, mimi nina picha tu kwenye simu. Siku alipopewa, Mwanahamisi ndiye aliyemsindikiza, akaambiwa kwa mdomo: pima ikiiva. Na Baba Zaina alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia.
Nikamgeukia. "Mbona hukuniambia?"
"Sikudhani kuna tofauti."
Ya Rabi. Mimi na Mwanahamisi hatuzungumzi mwaka wa tisa huu, ila salamu msibani. Kila neno letu linapitia kwa huyu mwanamume, na yeye ni gunia lililotoboka.

Alhamisi, 13 Februari
Kaenda Kiwangwa jana. Nyumba kimya. Nimepima gramu mia mbichi, nikachemsha, nikapima tena. Sabini. Nimeitupa mizani kitandani. Hasira sina wa kumpa. Nimemfokea Zaina kwa kikombe tu, masikini, kisha nikamkaangia yai.
Mchana nimempigia Mwanahamisi. Mara mbili nilikata kabla haijaita.
"Shikamoo dada."
"Marahaba."
Nikamuuliza mchele je, unapimwa mbichi au ukishakuwa wali?
"Wali, dada. Na maharage yakiiva." Halafu kasema, "Mie nilidhani unajua. Wewe ndiye mpishi."
Kasema kwa adabu. Imeniuma kuliko angenitukana. Tena mimi wiki nzima namsingizia kwamba anamjazia sahani.
Nikamwambia, yakija maneno mengine ya kliniki, nipigie mwenyewe. Usimtume mtu.
"Haya, dada."

Jumamosi, 15 Februari
Karudi asubuhi. Nimepika nyama kwanza, ndipo nikapima. Mia. Kala polepole, kalamba vidole, kanawa. Kajilaza barazani.
Msamaha sijamwomba. Na yeye hajaniomba.
Nimekaa kwenye mkeka kando yake nachambua mchele. Anakoroma. Nimemfukuzia nzi mpaka ikaadhiniwa alasiri.