Mursik Iliyozunguka Nairobi na Mombasa

Dada Chelangat,

Salamu kutoka Mombasa, mahali mtu anatoka jasho akiwa ameketi tu. Unakumbuka Krismasi pale kwangu Sosiot, vile vijana wangu walibishana mpaka chai ikapoa? Kiprono alisema hakuna mji kama Nairobi. Kipkoech akasema Nairobi ni baridi na wezi, Mombasa ndio kuna maisha. Na tulipomzika baba yao, kila mmoja akaniambia nihamie kwake.

Sasa nimekuja na maneno yamegeuka. Nilianzia Nairobi, na siku ya nne Kiprono aliniambia, "Mama, baridi ya Nairobi itakumaliza magoti. Mombasa kuna joto, huko utapona." Hata kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nilichombebea hakukifungua, alisema nimpelekee ndugu yake. Jana Kipkoech naye ameniambia, "Mama, hili joto litakupandisha presha. Nairobi ndio kuna madaktari." Akarudisha kibuyu kwa mfuko wangu, eti Kiprono ndiye hupenda mursik. Sijawahi kusikia ndugu wakisifiana miji hivyo.

Leo asubuhi nimeinywa hiyo mursik yote peke yangu, nimeketi kwa ngazi za nyumba yake. Ilikuwa imeiva vizuri sana.

Kesho narudi nyumbani. Yule jirani aliyetaka kukodi shamba langu la majani chai, mwambie nitachuma mwenyewe. Wewe nisubiri kwa lango na mursik yako, vile mtu hupokelewa akitoka mbali. Wakiuliza kanisani, sema nilienda kutembea tu.

Mungu akutunze, dada.
Rebeka