Maji ya kunawa

Furaha, mujukuu wangu,

Huku Himbi tunapumua. Shangazi yako angali anauza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni Birere na kugombana na kila muteja. Mengine ya muji wetu redio imekwisha kukuambia.

Unaniuliza kuhusu mwanafunzi wako, yule aliyekuambia mwalimu mwenzako anamushikashika. Prefe, mukubwa wa shule yenu, anataka familia zikutane, wayamalize nyumbani. Ukubali?

Hata mimi nilisema hivyo juu ya mwalimu wangu, nikiwa na umri wake. Prefe akaita wazee, mbuzi ikachinjwa kwetu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipewa tu birika, niwanawishe wageni mikono. Nilipofika mbele ya yule mwalimu, mama akanipokonya birika.

"Huyu hanawishwi na mutoto wangu," akasema.

Ndipo prefe akanigeukia: "Ilikuwa namna gani, mutoto?" Nyama ilipoa nikieleza, na yule mwalimu hakuingia tena darasani.

Sheria zenu za sasa sizijui, mupenzi. Ila umusikilize huyo mutoto mpaka mwisho, kabla hawajachinja kitu. Pale shuleni mama yake hayuko. Uko wewe.

Koko yako