Mkanda wa Kushoto

Mitsue, acha chai yako usome. Roboti ya mjukuu wangu Chinami imepigwa sasa hivi kwenye mashindano ya roboti.

Ni Ryohei! Yule rafiki yake tuliyemlisha miaka mitatu. Amesimama na wapinzani, amevaa fulana yao!

Wiki iliyopita alikuwa jikoni kwangu, anakula wali. Akaniuliza, "Bibi, mbona magurudumu manne na mota mbili tu?"

Nikamjibu kwa moyo mweupe, "Kupunguza uzito, mwanangu. Kila upande mkanda mmoja unazungusha magurudumu mawili. Ukikatika, upande mzima unakufa. Wa kushoto ndio uko wazi kidogo."

Mimi mwenyewe, Mitsue. Kwa mdomo wangu.

Leo roboti yao haikugusa kitu kingine. Moja kwa moja, mkanda wa kushoto! Yetu ikabaki inajizungusha palepale mpaka kengele ikalia.

Nimemwambia Chinami ni mimi niliyesema. Hakunilaumu. Amenibebea mkoba tu, akasema, "Twende nyumbani, Bibi."

Na leo asubuhi Ryohei alinirudishia kopo langu la chakula, limeoshwa, limejaa machungwa. Nikasema moyoni, huyu kalelewa, harudishi chombo kitupu.

Kumbe alikuwa ananilipa.