Fimbo ya Kaka Bakari

Jumanne, baada ya Isha

Wala hakuniuliza habari za watoto. Alichotaka ni fimbo yake ya pool tu.

Tangu kaka Bakari apooze upande wa kushoto, hajatoka nyumbani kwake Msambweni. Leo nimempelekea fimbo hiyo kutoka Ukunda, kwenye ukumbi alikokuwa akicheza kila Jumamosi. Fimbo za ukumbini hakuzitaka kamwe. Alisema ni nzito na ncha zake zimelika. Yake ni nyembamba, na kabla ya kila mchezo aliifuta kwa kitambaa.

Nilimsaidia kusimama kando ya meza ya chakula. Mkono wa kulia uliishika vizuri kabisa, kama zamani. Lakini wa kushoto, ambao vidole vyake hulala mezani ili fimbo ipite juu yake, haukukunjuka.

"Nikunjulie, Juma," akaniambia.

Nikavikunjua vidole kimoja kimoja. Nilipoviachia vikajikunja tena. Tulirudia mara nne, tano. Shemeji alitokeza mlangoni, akatuona, akarudi jikoni.

"Basi," kaka akasema. "Ichukue, ucheze wewe."

Yeye ndiye aliyenifundisha, na anajua sijawahi kumfunga hata mara moja.

"Nitakutunzia mpaka upone, inshallah."

Kaka haachi inshallah ya mtu ipite bila kuiitikia. Leo aligeukia ukutani.

Nimeahidi kurudi Ijumaa. Fimbo nimerudi nayo.