Nta ya Ipole Kwenye Sufuria ya Mama: Tukimkumbuka Baba Yetu, Selemani Mfaume

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuaga asubuhi ile ya Machi 1979. Wajukuu bado wanaiga ulivyokuwa ukicheka mpaka unakohoa.

"Vuta pumzi, ibane, usipumue!" Wagonjwa uliowapiga eksirei pale hospitali walikujua kwa maneno hayo. Hata picha za harusi ulitupiga kwa amri hiyo hiyo.

Shangazi Mwanajuma, dada yako, alipogusa uvimbe kwenye titi, ulimpiga eksirei; picha ya kwanza ilitoka nyeupe tupu, ya pili nyeusi. Akajifunga kanga yake. "Sirudi, kaka. Mimi si mshikaki wa kugeuzwageuzwa motoni."

Hukumlazimisha. Ulisema atakayejifunza ni mashine, siyo dada yako. Ukanunua kiwele cha ng'ombe kwa Abbasi wa buchani kiwe badala ya titi, ukakipitishia miale na kupima inayotokea upande wa pili. Kesho yake kikanuka, wenzako wakakufukuza nacho. Ndipo ukaagiza nta ya nyuki kutoka Ipole, maana nta haiozi.

"Selemani, hiyo si sufuria yangu ya pilau?" Mama aliuliza.

"Nimeiazima, Batuli."

"Kuazima bila kuomba kuna jina lake!"

Alinuna, kisha akavuta kigoda akakukorogea nta ikiyeyuka. Vipande vya nta ukavipanga kimoja juu ya kingine mpaka vikazuia miale sawa na kile kiwele. Ukaficha punje ya kunde ndani kama uvimbe, ukawa unarekebisha nguvu ya mashine kidogo kidogo. Siku punje ilipoonekana kwenye picha, ulirudi nyumbani unaimba tangu barabarani.

Mama ndiye aliyembembeleza shangazi arudi. Safari hii picha moja ilitosha: uvimbe ulikuwa mdogo, ukatolewa mapema. Kwenye harusi ya binti yako Mwamvita, shangazi alicheza mpaka wapiga ngoma wakaomba maji.

Baadaye kina mama wa vijiji vya ujamaa walipanda treni stesheni ya Igalula kuja hospitali kumuulizia "Selemani wa nta." Uliwapokea wote kwa utani, na ulichelewa chakula cha mchana kila siku ya Mungu.

Pilau ya Idi mwaka ule wa nta ilinukia asali. Tuliimaliza.

Unakumbukwa na mkeo Batuli, wanao Shomari na Mwamvita, wajukuu, wafanyakazi wenzako, na dada yako Mwanajuma, aliyetuamuru tuongeze kando ya jina lake neno moja: MZIMA.

Mola akurehemu, Baba. Hatutakusahau maisha yetu yote.