Kalipa ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Alhamisi, 14 Aprili 1977

Naandika Kiswahili makusudi. Tabisa wangu hakisomi, na mambo ya gereji hayahitaji macho ya mke.

Leo Pijo nyeupe ya Jean-de-Dieu, yule mfanyabiashara wa Bwera mpakani anayenunua chumvi Kabatoro. Hendibreki haishiki. Kwenye kilima anaweka jiwe chini ya tairi – mtu mzima na suti yake! Gari hili lina diski hata nyuma, na hendibreki huvuta kalipa mbili, zile koleo zinazobana diski, kwa waya. Waya umekwisha. Alitaka kurudi leo leo, mkewe Sophie anamngoja. Nimekataa. Alale Kasese, kesho nitamaliza. Mimi sifanyi kazi mbiombio.

Ijumaa, 15 Aprili

Nimeifanya mbiombio! Mvua tangu alfajiri, gereji haina paa la maana, naye kanisimamia kichwani akitazama saa. Ilitakiwa nirekebishe kalipa kwanza, waya nikaze mwisho. Nimefunga waya mpya, nikaukaza tu. Pini ya kalipa ya kushoto imepotelea matopeni. Nimeweka kipande cha spoki ya baiskeli, nikakikunja mara mbili kwa kushoto, maana mimi ni wa mkono wa kushoto.

Imeshika. Nikamwambia rudi Ijumaa tuikaze tena, waya mpya hurefuka. Kila mteja namwambia hivyo. Akacheka: "Nitarudia, fundi, hata kama sura yako haiko muzuri." Ameondoka saa nne.

Jumamosi, 23 Aprili

Jana hakuja. Leo amekuja Sophie. Mumewe hakufika Bwera!

Watu wa basi wamemwambia Ijumaa ile kulikuwa na askari njiani, na Pijo nyeupe imesimama pembeni, milango wazi. Alhamisi hapakuwa na askari. Alhamisi, siku niliyomkatalia! Sophie ameniuliza tu aliondoka saa ngapi. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza.

Jumatatu, 6 Juni

Asubuhi afande mmoja kaleta Pijo ya buluu. "Wewe fundi! Hii tairi ya nyuma nachoma sana. Tengeneza, upesi!"

Namba mpya. Rangi mpya, brashi imepita hata juu ya raba za milango. Nimepiga jeki, nimefungua tairi la kushoto.

Spoki. Imekunjwa mara mbili, kwa kushoto.

Nilikaa chini. Afande akauliza kama naumwa. Nikasema malaria.

Ni kosa langu lile lile. Waya ulikazwa kabla ya kalipa, kwa hiyo pedi haziachii, zinasugua diski mpaka inachemka. Ningefanya kazi sawasawa, gari hili lisingerudi kwangu. Ningekuwa bado najidanganya kwamba Jean-de-Dieu yuko mahali fulani, anakula, anacheka.

Jumanne, 7 Juni

Safari hii kwa utaratibu. Nimelegeza waya wote. Nimezungusha kalipa mpaka pedi zikagusa diski kidogo tu. Nimekanyaga breki mara kadhaa, nimehakikisha mikono ya kalipa imerudi mpaka mwisho. Waya baadaye. Hendibreki ikalia meno sita, gari likatulia.

Niliwaza kuiharibu. Iteremke milima ya Maliba na mtu wake ndani. Vidole havikukubali. Au niliogopa, nisijisifu bure.

Afande kavuta, kafurahi. Halafu mdomo wangu: "Rudi Ijumaa, afande, tuikaze tena." Mdomo huu!

Chakula kinanuka breki zilizoungua. Mikono inanuka. Shuka linanuka. Tabisa anasema, "Erisa, hakuna harufu yoyote."

Jumatano, 8 Juni

Bulandina, muuza chai wa hapa jirani, kaniletea salamu kutoka Bwera. Sophie anakuja Ijumaa. Anataka kwenda kambini kwa askari kumuulizia mumewe.

Kambini! Mashemeji wa Butembo wamemchosha. Wanadai Jean-de-Dieu ana mwanamke Goma, wanamwambia achukue watoto avuke mpaka. Hataki kuvuka bila mumewe. Akijua ukweli atavuka na atakuwa salama. Akienda kambini, sijui kama atatoka. Na akilia mbele za watu, akataja gereji yangu, watanifuata mimi. Nina watoto watano.

Lazima nimwambie. Nimeapa.

Ijumaa, 10 Juni. Saa nane na nusu mchana

Naandika kwenye benchi, kana kwamba naandika risiti. Afande kaacha gari saa saba, atalichukua saa tisa. Nimekaza nusu mzunguko tu. Kazi imekwisha.

Sophie yuko hapa. Kavaa kitenge cha kanisani. Nimemwambia asiende kambini. "Juu ya nini?" akauliza sababu. Nikainamia spana. Akasema basi, Bulandina amemwambia kuna afande ana gari hapa, mutu ya heshima. "Nitamungojea. Nitamuuliza yeye."

Nikamwambia rudi Bwera, mama. Rudi sasa hivi.

"Fundi, unaogopa nini?"

Naogopa kila kitu. Mimi ni mwoga, basi.

Jua kali. Ameomba kukaa ndani ya gari. Ningemkataza kwa sababu gani? Ameketi mbele, upande wa abiria. Hajalitambua, rangi imemdanganya.

Saa tisa kasoro kumi. Niseme sasa. Nikimaliza mstari huu nitasema.

Anasikia joto, anajipepea na kitambaa. Dirisha la mlango ule lina ugonjwa, tangu gari likiwa jeupe: mpini hauzunguki mpaka uuvute kwako kwanza, kisha uuinue kidogo. Hata afande hajui, mchana kalipiga ngumi. Sijamwambia Sophie neno juu ya mpini huo.

Ameuvuta. Ameuinua. Dirisha limeshuka.

Mkono wake umebaki pale pale kwenye mpini.

"Erisa."

Hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita tena. Mimi naandika tu, nisije nikainua kichwa.